Historia ya Mkulagembe Katika Nchi Yetu ya Kati

Ndugu wanachama, na ninyi wageni wetu mtakaokipata kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu,

Halmashauri iliponiagiza niandike makala ya historia, nilidhani kwamba ningeandika habari za majengo, mizani na hesabu. Lakini habari hizo Mwenyekiti na Mweka Hazina wamekwisha kuzieleza katika kurasa zilizotangulia, tena kwa ufasaha kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike habari za jirani yetu wa siku zote, ambaye jina lake limetajwa karibu katika kila mkutano wetu, wala halijatajwa kwa wema hata mara moja. Nao ni ule mti mdogo wa miiba usimamao nyuma ya ghala letu la alizeti. Kwa Kiswahili huitwa mkulagembe. Sisi Wagogo twauita mtunduru.

Maadhimisho haya yametukuta tukiwa na shauri zito juu ya mti huo. Mkutano Mkuu ujao utaulizwa iwapo kile kichaka cha Chama, kilichoko kati ya ghala na korongo, kifyekwe chote, miti yake ichomwe mkaa, na ardhi ilimwe alizeti. Mimi ni katibu, na katibu hana kura ila kalamu. Basi naomba ruhusa ya kuitumia kalamu hiyo kabla wenye kura hawajanyosha mikono.

Jina la mti huu linajieleza lenyewe. Gembe ndilo jembe, kama wasemavyo ndugu zetu wa upande wa mashariki, na mkulagembe ni mti ulao majembe. Kila aliyewahi kufungua shamba penye mti huu ajua ya kuwa jina halikukosea. Ukiukata, mizizi yake huchipua. Palipokuwa na shina moja patakuwa na mashina kumi. Ukiuchoma moto, hungoja mvua kisha huota tena. Wataalamu wa mimea wa Ulaya hawakuyajali majembe, walitazama ua. Linnaeus wa Sweden aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1753, akiuhesabu pamoja na mimosa. Mwaka 1834 wataalamu wawili, Wight na Arnott, wakaupa jina la ukoo unaotumika hata leo, Dichrostachys, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni suke la rangi mbili. Jina lake la pili, cinerea, lina maana ya rangi ya majivu.

Na kweli ua hilo lastahili kutazamwa. Huning'inia kama taa ndogo. Sehemu ya juu, iliyo karibu na tawi, ni ya rangi ya waridi au zambarau hafifu, na sehemu ya chini ni ya manjano. Maua ya juu ni tasa, hayazai mbegu kamwe. Kazi yake ni kujipamba na kuwaita wadudu. Yale ya manjano ndiyo yenye chavua na ndiyo yatoayo maganda. Nilisoma shule ya sekondari kilometa chache tu kutoka penye kichaka cha namna hii, nikafundishwa sehemu za ua la mharage kwa picha ya ubaoni, wala hapana aliyetutoa nje atuonyeshe ua hili. Silaumu mtu. Nataja tu kwamba nilikuwa na umri wa miaka 28, tayari nimeajiriwa na Chama, nilipoliinamia ua la mtunduru kwa mara ya kwanza, na hata hapo sababu ilikuwa ni kubadilisha gurudumu la lori.

Maana miiba yake ni adui wa kila gurudumu. Mwiba wa mtunduru si kama ule wa migunga mingi. Ni kitawi kizima kilichokoma kukua na kuchongoka ncha, hata waweza kuona majani yameota juu ya mwiba wenyewe. Ni mgumu kama msumari. Siku hiyo lori letu lilipasuka magurudumu mawili katika safari moja ya magunia, na dereva alisema maneno ambayo sitayaandika katika kijitabu cha maadhimisho.

Sasa nieleze faida yake, kwa kuwa ubaya wake wote twaujua kwa ngozi zetu.

Nchi yetu hupata mvua ya msimu mmoja tu, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na ikipungua hapana wa kumdai. Kutoka mwezi wa Mei hadi Novemba nyasi hukauka, hupauka, kisha huliwa na mchwa. Wakati huo huo ndipo maganda ya mtunduru yanapoiva na kuanguka. Maganda hayo hujisokota pamoja katika bonge, nayo hayapasuki yenyewe kama maganda ya mikunde mingine, bali hukaa chini ya mti na mbegu zake ndani. Ni chakula kilichofungwa na kuwekwa akiba, ambacho hutolewa wakati ghala nyingine zote za porini zimefungwa. Majani nayo si haba, kwani wataalamu wa malisho wameyapima na kuona kuwa katika kila sehemu 100 za majani makavu, sehemu 11 hadi 15 ni protini. Mizizi yake, kama ya jamii ya mikunde kwa kawaida, hushirikiana na vijidudu vya udongoni vinavyotwaa naitrojeni kutoka hewani, na kwa njia hiyo ardhi iliyochoka hupata mbolea bila ya mtu kutoa shilingi.

Wanyama waliyajua hayo kabla yetu. Twiga, nyati, faru, tandala, swala pala na nyani wameonekana wakila maganda au majani ya mti huu katika sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Tembo huvunja matawi yake. Wakubwa hao hatuwaoni tena penye ghala letu, nao hukaa Ruaha, Tarangire na mahali pengine walikotengewa. Lakini wadogo tunao. Digidigi huishi wawili wawili ndani ya kichaka chetu, na yeyote awahiye kazini alfajiri atawaona wakitoka na kurudi kwa njia zao zile zile. Kwale na kanga hujificha chini ya matawi, mahali ambapo mwewe hawezi kutumbukia bila ya kujichoma. Ndege wadogo hujenga viota katikati ya miiba kwa sababu hiyo hiyo. Hivyo miiba ile ile inayotupasulia magurudumu ni ukuta wa nyumba ya mwingine.

Na ganda likipita tumboni mwa mnyama, mbegu nyingi hutoka nzima, kwa kuwa zina ngozi ngumu, nazo huota penye samadi. Mnyama hulipa posho yake kwa kuipanda miti mingine. Ng'ombe na mbuzi wetu hufanya kazi hiyo hiyo, na hapa ndipo historia ya mti huu inapoingiliana na historia yetu wenyewe.

Kabla ya mwisho wa karne ya 19 nchi hii ilikuwa na ng'ombe wengi, na watu wake walilima, wakachunga na kuchoma majani kwa zamu zao, vichaka vikawa na mipaka. Katika miaka ya 1890 ikaingia sotoka, ikaua ng'ombe sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki. Palipokosa ng'ombe na watu, msitu ulirudi, na katika nchi nyingi mbung'o walirudi pamoja nao. Kisha vita vya kwanza vya dunia vikapita juu yetu. Majeshi ya pande zote mbili yakachukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nayo ikakosekana, ikaja njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Watu wengi mno walikufa na wengine wakahama. Mashamba yao hayakubaki matupu. Mtunduru ni miongoni mwa miti ya kwanza kuingia katika shamba lililoachwa au malisho yaliyochoshwa. Wazee huuita mti wa mahame, na mimi naona kuwa wamesema kweli. Lakini hatuna budi kuangalia ni kipi kilichotangulia, maana mti haukuwafukuza watu bali uliingia nyuma ya watu waliokwisha kuondoka.

Sasa nafika Kongwa.

Katika mwaka wa 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Tume ya Bwana John Wakefield ikatumwa kutazama, ikarudi na mpango wa ekari zipatazo 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Matrekta na matingatinga yaliyobaki kutoka vitani yaliletwa kwa meli, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000. Zilizopatikana hadi mwisho wa mwaka huo zilikuwa kama 7,500.

Marehemu babu yangu, mzaa baba, alikuwa kijana wakati huo, akaajiriwa katika kundi la kukata visiki. Alitusimulia habari hizo mara nyingi, tukiwa tumezunguka moto wa kuni za mti huo huo, kwa kuwa hapana kuni zishikazo moto muda mrefu kama zake. Alisema ya kwamba tingatinga liliangusha vichaka kama mtu aangushaye mahindi, na Wazungu vijana waliokuwa wakiliendesha walishangilia. Lakini juu ya ardhi ndiko kulikokuwa na sehemu ndogo ya mti. Chini kulikuwa na mizizi iliyosokotana, nayo ilipinda na kuvunja vyuma vilivyofungwa nyuma ya matrekta. Vichaka vile vilikuwa na miti ya aina nyingi ya miiba, wala sitaki kuupa mtunduru sifa zisizo zake. Lakini babu alikuwa akicheka na kusema: “Sisi ulitula majembe, wao ukawala matrekta.” Nyuki nao, waliokaa ndani ya mibuyu yenye mapango, walitoka kuipigania nyumba yao, na madereva wengine wakapelekwa hospitali.

Hata hivyo si mizizi tu iliyoushinda mpango. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hushikana kama saruji, na karanga ni zao la kuchimbwa kutoka chini. Mvua zikawa chache. Waliopima nchi hawakukaa vya kutosha kuuliza kwa nini wenyeji, ambao si wavivu, hawakuwa wamelima mahali pale. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, baada ya kupoteza paundi zipatazo milioni 36. Baadaye sehemu kubwa ya nchi ile iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, yaani ikarudishiwa kazi waliyoijua Wagogo tangu mwanzo.

Miaka zaidi ya ishirini baada ya hapo likaja jaribio la namna nyingine, nalo halikuzungumzwa sana kwa kuwa halikuvunja trekta hata moja. Vilima vya Kondoa, kaskazini ya kwetu, vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko hata vikawa mifupa mitupu. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO kwa kifupi. Katika mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Jambo hilo lilikuwa chungu kwa wenye mifugo, na sitaki mtu asome hapa kwamba naliona dogo. Lakini mimea ilirudi, na miongoni mwa vichaka vilivyotangulia kuifunika ile ardhi iliyojeruhiwa ulikuwamo mtunduru. Palipokuwa na mchanga mtupu pakawa na kivuli, na palipokuwa na kivuli nyasi zikaanza kushika.

Naomba kuweka neno moja la pembeni. Vyama Vikuu vya Ushirika katika nchi yetu vilifutwa mwaka 1976, vikaruhusiwa kuanzishwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Baadhi ya wazee wetu husema kwa mzaha kwamba ushirika nao ni mtunduru, umekatwa juu tu. Nimeyaandika haya kwa kuwa wamenisihi niyaandike.

Wanachama wanaotaka kichaka kifyekwe wana hoja, wala si haki kuificha. Malisho yakichungwa kupita kiasi, mtunduru huziba nchi nzima, nyasi hukosa nafasi, ng'ombe hawapiti. Vijana wetu hawana mashamba. Alizeti ina bei, na mkaa una bei zaidi. Tena mtunduru ukipelekwa mahali pasipo na wanyama wake wala desturi zake, hugeuka kuwa balaa. Mfano mkubwa ni kisiwa cha Kuba, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ambako mti huu si wa asili. Uliingizwa huko katika karne ya 19, nao huitwa marabú. Mashamba ya miwa na malisho yalipoachwa, ukaingia ukaenea zaidi ya hekta milioni moja. Hata Raúl Castro aliutaja kwa kejeli katika hotuba yake ya Julai 1996? La, nisije nikakosea mbele ya wasomaji makini: ilikuwa Julai 2007, naye alisema kwamba kitu kilichokuwa kikipendeza kuliko vyote kando ya barabara aliyopita ni marabú.

Lakini watu wa Kuba nao wamepata la kufanya. Mti ule mgumu hutoa mkaa mzito usiozimika upesi, na vyama vya ushirika vya huko vikaanza kuuchoma na kuuza nje. Mwezi wa Januari 2017 ulitangazwa mkataba wa tani 40 za mkaa huo kwenda Marekani, kwa bei ya dola 420 kila tani, na ukahesabiwa kuwa biashara ya kwanza ya namna yake kati ya nchi hizo mbili baada ya zaidi ya nusu karne. Habari hii ilisomwa katika Halmashauri yetu, nayo ndiyo iliyowatia wengi hamu ya tanuri. Nami nawasihi waitazame vizuri. Wenzetu wa Kuba wachoma mti uliowavamia, na kila wauchomao huwarudishia shamba. Sisi twataka kuchoma mti wa kwetu, ulioshika ukingo wa korongo ambalo kila masika hula hatua kadhaa kuelekea ghala. Aliyekuwa hapa siku ya ufunguzi atakumbuka kwamba wakati ule lori liliweza kugeuza nyuma ya jengo. Sasa haliwezi.

Yapo mambo mawili ambayo tumekwisha kuyajaribu wenyewe. La kwanza ni maganda. Katika kiangazi cha ule mwaka wa njaa ya malisho, akina mama wa chama kimoja cha msingi waliokota maganda ya mtunduru katika kichaka chetu, wakayaleta kwa madebe, tukayapima kwa mizani ile ile ya alizeti na kuyauzia kaya zenye mbuzi wa maziwa. Baadhi yetu tulicheka, na mimi nikiwamo. Mbuzi hawakucheka, walikula, na maziwa hayakukatika. La pili ni mizinga ya nyuki iliyotundikwa ukingoni mwa kichaka. Hiyo haikufanikiwa kama tulivyotaka, kwa sababu mwaka wa kwanza iliwekwa karibu mno na njia ya mbuzi, na mwaka wa pili hapana aliyekumbuka kuisafisha. Kosa hilo ni la ofisi yangu, wala nyuki hawahusiki.

Maoni yangu basi ni haya. Kichaka kisifyekwe chote wala kisiachwe chote. Upande wa ghala, penye ardhi ya tambarare, kikatwe kwa mkono, vigogo vyake viuzwe kuwa nguzo za uzio, kwa kuwa mchwa hawauwezi mti huu upesi, na machipukizi waachiwe mbuzi, ambao ni wafyekaji wasiodai ujira. Hapo vijana wapewe vishamba. Upande wa korongo usiguswe hata na panga. Na kati ya pande hizo mbili liachwe pori la kuwatosha digidigi, kwale na waokota maganda.

Mkutano Mkuu utafanyika baada ya mavuno, na wakati huo maganda yatakuwa yameanza kuanguka. Wajumbe watakaofika mapema waweza kupita nyuma ya ghala wakajionea wenyewe kabla ya kikao. Ila nawaomba waache baiskeli zao mbele, penye lango.